Kizibo cha Mpingo

Anselmo ni fundi wa vinyago na samani huko Chamazi. Mkono wake ni mwepesi, na mwenyewe analijua hilo mno. Ukimsifia kiti, atakuonyesha na meza.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na tangi la chuma la thina, ile ya kuzimulia vanishi. Juu ya tangi lilisimama bomba fupi lililo wazi. Kando yake palikuwa na banda la jiko, ambamo mkewe, Margareta, alipikia kwa mkaa. Mama yake Anselmo, Bibi Demetria, alipenda kutandika mkeka kwenye kivuli cha tangi na kuchagua mchele.

Siku moja Margareta alitua sahani ya wali mbele ya mumewe kwa kishindo.

"Baba Wilfred, onja."

Anselmo akaonja. "Mbona unanuka thina?"

"Mie ndo nakuuliza wewe! Harufu inatoka kwenye lile bomba lako. Tutakula thina mpaka lini?"

Maneno hayo yalimchoma Anselmo. Mtu mwingine angeuliza kwanza bomba lile lina kazi gani. Yeye alichukua kipande cha mpingo. Akachonga kizibo, akakipiga msasa, akakizungushia nakshi ya maua madogo. Kisha akakigongelea kwenye bomba kwa nyundo ya mti.

"Hapa hata hewa haipiti," alisema kwa majivuno.

Alisema kweli, na kosa lilikuwa hapo hapo.

Kwa siku kadhaa thina ilitoka kwa kusuasua kwenye koki. Anselmo alidhani ni takataka. Jumamosi akanunua thina nyingine, akaongeza mpaka tangi likakaribia kujaa. Akafunga kifuniko barabara, akarudi kwenye kazi yake.

Saa sita jua lilikuwa kali. Hamida, jirani yao, alikuja kuchukua kigoda chake. Hamida ni msimamizi wa matangi kwenye bohari ya mafuta.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu mkekani."

Hapo tangi likalia: puu! Hamida akalitazama. Ubavu wake ulikuwa umevimba. Akatazama juu, akakiona kizibo.

"Bibi, inuka. Dada Margareta, acha chungu, toka! Wote tokeni!"

Anselmo alikuja mbio na ngazi. "Ngoja nikichomoe!"

"Usikiguse, kaka! Mvuke ukifyatuka hapo unakutana na mkaa. Mbebe mama!"

Magoti ya Bibi Demetria hayakubali haraka. Anselmo alimweka mgongoni, akakimbia naye hadi uwanja wa mpira. Aliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yake, na hakuona aibu kusema hivyo.

Hamida akapiga simu 114, namba ya Zimamoto. Wakati wanangoja, Anselmo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sasa dada, kizibo tu kinavimbisha chuma?"

"Thina ikipata joto inatoa mvuke, na yenyewe inatanuka. Vyote vinatafuta pa kutokea. Wewe umeziba. Tangi linaweza kupasuka, na moto ukiwa karibu, basi tena."

"Na ile kusuasua kwenye koki?"

"Ukitoa thina, hewa lazima iingie kujaza nafasi. Isipoingia, thina inagoma kutoka. Tangi jembamba linaweza hata kubonyea kwa ndani. Lile bomba ndiyo pua yake."

"Hata mie ukiniziba pua nitavimba," alisema Bibi Demetria. Margareta alicheka huku analia.

Zimamoto walifika. Wakalimwagia tangi maji kwa mbali mpaka likapoa, wakauzima na mkaa. Kisha wakalegeza kizibo taratibu. Mvuke ukatoka kwa mluzi mrefu. Hakuna aliyeumia.

"Lakini dada, harufu ile ilikuwa ya kweli," Margareta alimwambia Hamida. "Sikuizua."

"Ulikuwa na haki. Harufu ilikuwa inakwambia bomba limekaa pabaya. Dawa yake ni kulihamisha, siyo kuliziba."

Anselmo alisikiliza bila kubisha, jambo geni kwake. Hamida alimletea fundi wa matangi. Tangi jipya likawekwa mwisho wa kiwanja, mbali na jiko na madirisha, chini ya kibanda kisicho na kuta. Bomba la hewa halikuwa jembamba kuliko lile la kujazia. Lilipanda nje, juu ya paa. Mdomoni lilikuwa na kofia ya kuzuia mvua na kizuizi maalumu cha kuzuia moto usiingie ndani. Juu ya tangi kukawekwa pia kifuniko cha dharura. Tangi likizidiwa na joto, kifuniko kinajiinua chenyewe.

Siku hizi wali wa Margareta unanuka nazi. Thina inatoka kwenye koki bila kusita. Kila asubuhi Anselmo anakagua ile kofia, maana manyigu hupenda kujenga humo. Bibi Demetria humuuliza kutoka barazani:

"Linapumua?"

"Linapumua, mama."

Wiki iliyopita mteja mmoja kutoka Kawe alikiona kizibo kwenye rafu ya karakana. Akakigeuza mkononi, akasifu maua yake.

"Fundi, hiki unauzaje?"

Kwa mara ya kwanza, Anselmo alisifiwa kazi yake asionyeshe nyingine. Akamtazama mama yake, aliyeketi mlangoni.

"Hakiuzwi, mwanangu," alisema Bibi Demetria. "Hicho nusura kinizike."