Nilipasua Dawa ya Tata kwa Mdomo Wangu

Ilianza Jumanne, saa kumi na moja na nusu asubuhi. Kama ningebaki kitandani siku ile, labda leo tata, baba yangu, angekuwa na mkono mzuri...

Nina miaka kumi na saba, ninasoma sekondari hapa Dilala. Mi si mtu wa kuongea. Mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, lakini mdomo unakataa. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na tata. Mama alikuwa mbali, huko Kasaji, akimuuguza mama yake.

Tata anachimba shaba na wenzake. Kazi yake ni kusimamisha magogo ndani ya shimo ili udongo usiwaangukie. Kwa wiki nyingi alikuwa amefunga mkono wa kuume kwa kitambaa. Nilipomuuliza, alisema mti ulimchoma tu.

Asubuhi ile nilimwona jikoni amefungua kitambaa. Jamani! Vidonda vilipanda kutoka kidoleni mpaka karibu na kiwiko, kimoja nyuma ya kingine kama shanga! Alishika chupa ndogo, akadondosha tone kwa tone ndani ya maziwa, akihesabu kwa sauti ya chini. Kisha akaificha nyuma ya kopo la unga.

Kwa nini mtu afiche dawa, kama kweli ni dawa?

Hapa kwetu, mchimbaji akipata mshipa mzuri wa shaba, watu hawasemi Mungu amembariki. Wanasema ameuza kitu kwa wachawi ili apate mali: mtoto, mguu, akili. Na ekipe ya tata, kundi lake la wachimbaji, ilikuwa imepata mshipa mzuri. Mtaani wakasema, "Aliuzisha mukono." Shuleni msichana wa benchi la nyuma yangu alikuwa ananiambia: "Eh, mutoto wa fetishi, leo njo siku yako?" Yaani mimi mtoto wa uchawi, leo ndiyo siku yangu ya kuuzwa. Kalasi nzima inacheka.

Wao niliwaacha. Lakini nilianza kumchukia tata. Ndiyo, nilimchukia! Mkono ukiisha, atakayefuata ni nani kama si mimi?

Alhamisi nilikwenda kwenye chumba cha maombi cha Mama Bea, jirani yetu. Mimi nisiyeweza kuongea, siku ile nikaongea! Nikaeleza chupa, matone, maziwa, hata mahali pa kuficha. Watu wazima walinyamaza wanisikilize. Haikuwa imenitokea tangu nizaliwe... na nilifurahi.

Jumamosi walikuja kwetu wanawake tisa wa maombi, wakiimba. Mama Bea alikwenda moja kwa moja kwenye kopo. Tata alipiga kelele kwamba ile ni dawa ya hospitali. "Hospitali gani ya kufichama nyuma ya bunga?" Mama Bea akamjibu. Chupa ikapasuliwa juu ya jiwe, majirani wakashangilia.

Tata hakumwangalia Mama Bea. Aliniangalia mimi.

Jumatatu ekipe ikasikia habari, ikamfukuza. Wiki tatu zikapita bila dawa. Vidonda vilipita kiwiko, vikafunguka, vikatoa maji. Alikula kwa mkono wa kushoto.

Kisha muuguzi mmoja akaja shuleni na picha kubwa za magonjwa ya ngozi. Picha ya tatu... mkono wa tata! Haukuwa wake, lakini vidonda ni vile vile, vimepangana vile vile. Kalasi ikanigeukia. "Njo mukono ya tata yake!"

Muuguzi akawanyamazisha. Akaeleza kwamba ni kuvu. Inakaa kwenye miti iliyooza, kwenye udongo, kwenye miiba, na inaingia pale ngozi ilipochubuka. Huipati kwa kukaa benchi moja na mgonjwa wala kula naye. Inapona, lakini dawa ni ya miezi, na ukiiacha katikati inaweza kushuka mpaka kwenye mifupa. Wengine wanapewa vidonge. Wengine wanapewa matone, wanayachanganya na maziwa kwa sababu ladha yake ni mbaya, na yanaongezwa kidogo kidogo. Ndiyo maana lazima uhesabu...

Uhesabu! Nilihisi benchi linazama chini yangu. Muuguzi akauliza nani ana swali. Nilikuwa nalo. Sikuinua mkono.

Jioni nikamwambia tata yote. Alisikiliza huku ameangalia ukuta. Akasema alificha kwa sababu ekipe haitaki mgonjwa, na maneno ya majirani alikuwa anayajua. "Lakini sikujua kama adui yangu analalaka mu nyumba yangu." Nikamwomba arudi hospitali. Akakataa. Heri mkono uoze, alisema, kuliko kupita mtaa huu mchana watu wakimtemea mate!

Ndugu zangu mnaosoma, kidonda kinachopanda mkono hakihitaji mchawi. Muulizeni muuguzi kabla ya kumuuliza jirani! Na ninyi wagonjwa, waambieni watoto wenu mnakunywa nini. Na wewe mwenye haya kama mimi... mdomo ulionyamaza mbele ya muuguzi ndio ule ule ulioongea kwa Mama Bea. Nakuomba, usipite nilipopita.

Kesho yake asubuhi, baada ya tata kukataa, kulikuwa na mtihani. Sikwenda. Nilikwenda uani kwa Mama Bea, wanawake wakiwa wamekusanyika, nikasema kwa nguvu ili na majirani wasikie: "Chupa ile ilikuwa dawa. Mi njo nilisema kitu sikukijua."

Mama Bea akacheka. "Munaona? Pepo imehamia kwa mutoto!" Mwanamke mmoja akatema mate kwenye kiatu changu. Nikasema tena, mara ya pili, neno kwa neno.

Nilipogeuka, tata alikuwa amesimama mlangoni kwetu. Alikuwa amesikia. "Weye mwenye unaogopaka hata kuomba chumvi?" Hakutabasamu. Hajanisamehe, na sitamdanganya mtu. Aliingia ndani, akatoka na viatu, akajaribu kufunga kamba kwa mkono mmoja, akashindwa.

Nikapiga magoti, nikazifunga. Halafu nikatembea naye kwenda hospitali, katikati ya barabara, upande wa mkono wenye vidonda, nimemshika begani ili watu wote waone.