Kinachoshuka Gizani

Sokoni watu walikuwa wakijipepea kwa chochote walichoshika, kijana mmoja akatokea mbele ya cherehani ya Binti Sindano, kama wateja walivyomwita, amekumbatia koti nene kama godoro.

"Dada, zipu imekufa."

"Na wewe utakufa ukilivaa. Unakwenda wapi?"

"Ncha ya dunia. Huko baridi ikiingia, jua halichomozi mpaka msimu uishe."

Zipu ikapona, mioyo ikaugua. Mpimahewa, jina alilompa Binti Sindano, aliondoka ameshajulishwa kwa dada mkubwa wa binti huyo.

Kwenye simu alimweleza kazi yake. "Chembe za jua zikiipiga hewa ya juu kabisa, nitrojeni huvunjika, ikashikana na oksijeni. Mwanga ungeiharibu gesi hiyo, mpenzi, lakini huku ni giza. Basi inashuka polepole mpaka kwenye ozoni, ngao yetu dhidi ya miale ya jua, inaila."

"Unanitisha. Haitakumeza na wewe?"

"Mimi nimeshamezwa na wewe."

Siku moja sauti yake ilikuja ikikwaruza. "Jua limetupa dhoruba kubwa. Gesi itaongezeka, na kioo cha kipimo kimeshika barafu. Natoka kukikwangua."

"Kwenye upepo huo? Usitoke, nakuomba!"

"Nisipopima sasa, msimu wote umepotea."

"Basi kaioe hiyo nitrojeni yako!"

Simu ikakatika.

Binti Sindano akapiga tena. Haikupokelewa.

"Amenuna tu," dada mkubwa alimtuliza.

Binti Sindano akatamani iwe hivyo. Alipopiga ofisi iliyomtuma mpenzi wake, karani alisita. "Dhoruba imevuruga redio, dada. Ujumbe wa mwisho ulisema mmoja wao ametoka nje, hajarudi."

Siku zikapita. Kila cherehani ya jirani ilipovuma, alisikia upepo. Maneno yake yale ya mwisho yalimrudia kila saa. Aliishika simu kwa mikono miwili, akiogopa isilie, akiogopa ilie.

Ikalia.

"Ni mimi."

Akaibana simu sikioni.

"Kamba ya kunirudisha ndani ilinichopoka, nikatambaa kwenye theluji. Niliogopa, mpenzi. Nikasema, nikifa huku, yule atadhani nimenuna."

"Mjinga wewe," akasema, machozi yakimdondoka.

"Nimepima. Lakini kidole kimoja kiliganda, kikakatwa, kile cha pete. Na nilikuwa na neno la kukuuliza, sasa sijui..."

"Niulize."

"Utakubali nikuoe?"

Binti Sindano akafuta machozi.

"Vimebaki vidole tisa," akasema. "Chagua kimoja, urudi nacho."