Buji Mia Tatu za Mama Marie-Jeanne

Asubuhi ile Inspekta Alliance alikuwa anapiga pasi shati yake ya kazi. Makala ya pasi bado haijashika moto vizuri, jirani akagonga mlango na ngumi mbili.

"Mama Inspekta! Kuja uone! Ziwa inawaka!"

Alitoka mbio, pasi ikiwa ingali mkononi.

Watu walijaa kwenye mchanga. Jua lilikuwa halijatoka. Juu ya maji, taa ndogo ndogo zilikuwa zinaenda polepole, zinaelekea milima ya Burundi. Mamia. Zinapanda wimbi, zinashuka, hazizimike. Wavuvi wenye walikuwa wanarudi walizima moteri, wakashika kasia, wakapita pembeni kama watu wanapita mbele ya altare. Alliance iko na miaka kumi na saba mu polisi, ameona mengi. Lakini kitu kama hiki alikuwa hajakiona.

Simu ikalia. Ilikuwa Komanda.

"Kuko wizi mu mtaa wa Kilibula. Buji mia tatu."

"Za kuelea?"

"Umejua namna gani?"

"Niko naziona, Komanda."

Buji zile, mishumaa ya kuelea juu ya maji, zinatengenezwa kwa mikono, nyumbani kwa Mama Marie-Jeanne. Zinafungwa palepale, kisha zinapelekwa kwa butiki yake, karibu na barabara. Siku ile mchana, watu wa harusi moja ya Bujumbura walikuwa wapite kuzichukua.

Alliance alipofika, Mama Marie-Jeanne alikuwa amesimama mu mlango wa butiki, kitambaa cha kichwa kimeenda upande.

"Mlinzi wangu Irambona alilala kama gunia! Komanda amekwisha kumufunga. Saa sita anamupeleka kwa parke, mbele ya mwendesha mashtaka. Na aende!"

Alliance alisogea kwa mlango. Aliangalia kufuli. Nzima. Aliangalia mlango. Haukuvunjwa. Ndani, kartoni nne kubwa zilikuwa mahali pake. Akafungua ya kwanza.

Visanduku vidogo vya karatasi, vyenye vinaingiaka buji sita sita, vilikuwa mule, vitupu, vimelazwa vizuri. Tepe nyekundu za kuvifunga zilikuwa zimeviringwa moja moja. Hakuna hata moja yenye ilikatwa.

"Mama, mwizi gani anaiba buji anaacha sanduku?"

"Mwizi mupumbavu."

"Hapana. Bila sanduku, bila utepe, hakuna harusi itanunua. Huyu hakutaka kuuzisha."

Akabeba visanduku kwenye dirisha. Juu ya kila kimoja waliandika kwa kalamu: *Buji ya kuelea, Uvira*. Kwenye vile vya juu, wino ulikuwa umevimba, matone ya mviringo, yamefuatana kwa mstari, kama muntu alirusha maji kwa mkono. Vya chini vilikuwa vikavu. Akaangalia mabati. Hakuna tundu. Jana mvua haikunyesha.

Wenye wanafungaka buji ni wawili, Belyse na Kaneza. Akaanza na Belyse.

"Nani anajua kufungua utepe huu bila kukata?"

"Ni minye na Kaneza tu. Mama mwenyewe fundo inamushindaka, anakata na meno!"

"Jana nani alileta kartoni hapa?"

"Kaneza, na puspusi, kile kigari cha kusukuma. Alitoka nyumbani saa nane, akafika saa kumi na moja. Nikamuchokoza: weye, ulipitia Baraka?"

Baraka ni mji, kule kusini. Gari yenyewe inachukuaka masaa.

"Akajibu nini?"

"Akasema ndiyo, nilipitia baraka. Na hakucheka."

Kalamu ya Alliance ikasimama. Jana ilikuwa tarehe mbili ya mwezi wa pili. Misa ya kubariki buji.

"Niitie Kaneza."

Kaneza alimukuta mu ofisi ya polisi, akakaa, mikono ndani ya kitenge. Ni mjane, mwanamuke wa kusema kidogo.

"Onyesha vidole."

Kidole gumba na cha pili vilikuwa vimeungua, vyeusi na kiberiti.

"Irambona amekula?" Kaneza aliuliza.

"Saa sita anaenda kwa parke."

"Irambona hajui kitu. Ni minye. Niko na ufunguo."

"Sema yote."

"Nilipita mbele ya kanisa, misa imeanza. Ningeacha puspusi inje wangeiba. Nikaingia nayo, nikafungua kartoni zipate hewa, sababu ya joto. Padri Placide akashuka na maji. Akasema: Bwana, bariki buji zote zenye ziko mu nyumba hii." Akarudia: "Zote, Mama Inspekta. Hakusema zile zenye watu wameshika."

"Na maji ikaanguka ndani."

"Niliona. Kitu yenye imebarikiwa haiuzishwe. Na haitupwe. Inawaka mpaka inaisha."

"Juu ya nini haukumwambia Mama Marie-Jeanne?"

"Nilimwambia, jana jioni. Akacheka. Yeye anasali kwengine. Akasema: Kaneza, ile ni maji ya robine, ya bomba tu, funga mlango uende."

Alliance akaandika. Kisha akauliza kitu chenye hakiandikwaka mu maelezo ya mtuhumiwa.

"Mia tatu. Uliziwasha peke yako?"

"Nilirudi usiku, upepo ulikuwa umelala. Nilisimama mu maji mpaka kiunoni. Kila moja nilitaja jina. Nilianza na bwana yangu, ziwa halikumurudisha. Kisha wale wa boti yake. Kisha wafu wote wenye ninajua. Wakaisha, na buji zilikuwa zingali zinabaki. Nikaanza kutaja wazima. Belyse. Irambona mwenye alikuwa analala. Ya mwisho nilisema: hii ni ya Mama Marie-Jeanne."

Alliance alitaka kufanya alama ya msalaba, uniforme ikamuzuia.

Akasimama, akaenda mwenyewe kumufungulia Irambona mlango wa kasho ya mahabusu. Kisha akarudi, akatoa simu, akaandika polepole:

*Mama Marie-Jeanne, Irambona nimemuachilia. Kaneza iko mbele yangu, amekubali. Anasema jana alikuambia na ukamucheka. Ni kweli? Sheria inanilazimisha kumupeleka kwa parke saa sita, ila tu kama unaondoa mashtaka. Andika neno moja: naondoa, ao peleka.*

Alama mbili zikageuka buluu. Amesoma.

Saa tano ikapita. Saa tano na nusu. Kaneza alikaa mikono juu ya magoti. Juu ya simu ikaonekana kwamba Mama Marie-Jeanne iko anaandika. Kisha ikaacha.