Sumaku Yenye Rangi Pande Mbili

Kila siku nikitoka shule napitia kwenye kibanda cha mama. Mama ni fundi wa redio na spika. Meza yake imejaa nyaya, bisibisi na makopo ya skrubu, na mimi hupewa pembe moja tu, saizi ya daftari, nifanyie kazi za shule. Nikisogeza kiwiko, kitu kinaanguka. Mama ananitazama tu, nami nainama kutafuta skrubu sakafuni huku nikinung'unika. Nanung'unika sana. Shuleni wananiita Pilipili, na jina hilo ni kitu pekee ambacho sijawahi kukikasirikia, kwa sababu ni la kweli.

Muhula huu mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha habari za treni zisizogusa reli. Alisema kuna nchi ambako treni huinuliwa na sumaku za umeme, ikaelea juu ya njia yake bila gurudumu kusugua chuma, na sumaku nyingine zikaivuta mbele. Katika majaribio, moja iliwahi kupita kilomita mia sita kwa saa. Wenzangu walipiga miluzi. Mimi nilipiga hesabu pembezoni mwa daftari. Baba yangu ni dereva wa lori, na kutoka anakopakia mizigo hadi kwetu ni kilomita mia tisa. Lori linamchukua siku mbili, akifika macho ni mekundu na mgongo umekakamaa. Treni ile ingemleta kwa saa moja na nusu. Nilikasirika palepale dawatini. Kumbe inawezekana, na baba yangu bado analala ndani ya lori.

Mwalimu alipouliza nani atatengeneza mfano wa treni hiyo kwa maonyesho ya shule, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Nilipangiwa kufanya kazi na binti wa seremala, ambaye darasa zima linamwita Kobe. Kobe huchonga penseli kwa dakika tano. Ukimwuliza jambo, anafikiri kwanza, na wakati anafikiri unaweza kwenda kunywa maji ukarudi. Lakini mkono wake haukosei. Siku ya maonyesho sisi wawili ndio tungesimama kando ya treni yetu, na Kobe, ambaye hajawahi kuchaguliwa kwa lolote, alishapiga pasi sare yake wiki nzima kabla.

Tuligawana kazi. Kobe, kwenye karakana ya baba yake, alitengeneza behewa dogo na njia ya mbao ya mita moja na nusu yenye kuta mbili nyembamba, ili behewa lisipinduke pembeni. Mimi nilileta sumaku mia moja na ishirini, za mviringo, kubwa kidogo kuliko kifungo cha koti. Mama alikuwa amezikusanya miaka mingi kutoka kwenye spika zilizokufa. Zilitakiwa zibandikwe njiani safu mbili, zote zikiwa zimeelekeza juu upande uleule, ule unaosukumana na sumaku za chini ya behewa. Moja ikigeuka, badala ya kusukuma itavuta.

Mama alinionyesha namna ya kuzitia alama. Alichukua sumaku moja, akaipaka rangi nyekundu ya kucha upande mmoja. "Hii ndiyo kiongozi," alisema. "Ilaze mezani, rangi ikiwa juu. Pachika nyingine juu yake, zitashikana zenyewe kama sahani kabatini. Kisha paka uso wa juu wa kila moja. Lakini kabla hujaanza, tazama kiongozi. Rangi iwe juu. Ukikosea hapo, umekosea zote."

Sitini za kwanza tulizipaka pamoja, Kobe akazibandika kwenye nusu ya kwanza ya njia. Alishika kila moja kwa kidole mpaka gundi ikauke, maana zilikuwa zinakimbiana. Jumatatu jioni nilibaki kibandani peke yangu kupaka sitini za pili, na nilikuwa nimefura. Mchana huo mwalimu alikuwa ametuuliza kwa nini tumechelewa, nami nilijua ni kwa sababu ya nani. Nikamwaga sumaku mezani, nikachukua kiongozi, nikapachika, nikapaka, nikabandua, nikapachika tena. Nusu saa nimemaliza. Nilijiambia, kesho Kobe hatapata kisingizio.

Kesho yake, karakanani, Kobe alibandika sumaku ya kwanza ya nusu ya pili, akasita.

"Pilipili, hebu njoo uone."

"Nini tena?"

"Hii ya leo inaikimbilia ya jana. Za jana zilikuwa zinakimbiana."

"Wewe bandika. Rangi si iko juu? Alama ni kazi yangu, gundi ni yako. Keshokutwa tuna jaribio, na wewe umesimama unatazama sumaku zinavyochumbiana."

Alinitazama, akaitazama sumaku, akabandika.

Alhamisi tuliiweka njia mbele ya darasa. Kobe aliliweka behewa taratibu, nalo likaelea. Mwalimu alipitisha karatasi chini yake, ikatokea upande wa pili, na wenzangu wakainuka madawatini waone vizuri. Nililisukuma kwa ncha ya kidole. Likateleza bila sauti, bila kutikisika, nami nikamwona baba ndani yake akisinzia kwa raha. Lilipofika katikati ya njia likalia tak, likaganda. Nikalinyanyua, nikaliweka mbele zaidi. Tak. Nusu yote ya pili ilikuwa inalivuta chini.

Kuna watoto wa darasa la jirani walikuwa wamejazana dirishani. Mmoja akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichonimaliza.

"Nilijua," nilimwambia Kobe, na sikusema kwa sauti ya chini. "Kazi yako kuburuta miguu, na hata kwa mwendo huo bado unaharibu. Umebandika nusu nzima kichwa chini. Hata juu na chini hujui? Seremala gani huyo aliyekufundisha?"

"Nani alitia alama?" mwalimu aliuliza.

"Mimi, mwalimu. Na mama yangu ni fundi."

"Nani alibandika?"

"Mimi," alisema Kobe. "Nilifuata rangi. Na nilimwambia kuna kitu."

"Hukuniambia chochote," nikasema.

Maneno hayo yalitoka mepesi, kana kwamba yalikuwa yameshasimama mlangoni yakisubiri kufunguliwa. Mwalimu alikunja uso. Alisema keshokutwa ni maonyesho, hana muda wa kusuluhisha magomvi, hivyo aliyebandika apumzike na mimi nitafute mwenzangu mwingine. Kobe alibandua gundi iliyokauka vidoleni, kidole kimoja baada ya kingine, akachukua mkoba wake akatoka.

Jioni nilifika kibandani bado nikiwaka. Nilifungua kopo nichukue kiongozi, nihakikishe kwa macho yangu jinsi Kobe alivyoharibu. Nikaishika. Upande wa juu ulikuwa na rangi nyekundu. Nikaigeuza. Na upande wa chini pia ulikuwa na rangi nyekundu.

Nilisimama nikiitazama kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Jumatatu ile niliilaza rangi ikiwa chini. Nikajenga rundo zima kichwa chini, nikapaka nyuso zote za upande usiotakiwa, na mwisho wa rundo, kwa haraka yangu, nikaipaka hata kiongozi yenyewe mgongoni. Kobe alibandika vilevile kama nilivyompa. Nilitaka kuikasirikia sumaku, nikataka kumkasirikia mama kwa kuniacha peke yangu, nikamtafuta mtu mwingine yeyote. Hakuwepo. Nikaitumbukiza mfukoni.

"Toa ulichoficha," alisema mama bila kuinua kichwa.

Niliiweka mezani. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Aliyelaumiwa ni nani?"

Nikaanza kukusanya nyaya mezani.

"Nimekuuliza."

"Kobe."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya wote. Nikamwambia mwalimu wewe ni fundi, kwa hiyo alama haziwezi kuwa na kosa."

Mama aliweka bisibisi chini. Hasira yangu ni ya moto, inapanda na kushuka. Ya mama ni baridi, na ukiiona unatamani afadhali angepiga kelele. "Umelitumia jina langu kumnyamazishia mtoto wa mwenzangu," alisema. "Miaka kumi na tano nakaa hapa. Nikiunguza redio ya mtu, namwambia nimeunguza mimi. Ndiyo maana watu wanarudi. Wewe kwa siku moja umeniweka upande wa waongo. Kesho usije hapa kabla hujalisafisha."

Ijumaa asubuhi nilikwenda ofisini, nikafunga mlango, nikamweleza mwalimu yote, hata lile la kwamba Kobe aliniambia. Mwalimu alikasirika mpaka miwani ikamtoka puani. "Kwa hiyo jana nimemwadhibu asiye na kosa kwa neno lako," alisema. Kisha akatulia. "Na mimi sikuuliza vya kutosha. Hilo ni langu, nitalisema mwenyewe. Nenda kamwambie nafasi yake ipo."

Nilimkuta Kobe bombani akiosha mikono. Nilimwomba msamaha haraka haraka, nikamwambia nimeshakiri kwa mwalimu, nafasi yake imerudi, twende tukabandue sumaku. Nilidhani atatabasamu. Alifunga bomba, akakung'uta maji, akafikiri. Safari hii sikuthubutu kumharakisha.

"Siendi," alisema.

"Lakini nimeshasema ukweli."

"Umesema wapi?"

"Ofisini."

"Mlango ulikuwa wazi?"

"Niliufunga."

Akanigeukia, na sauti yake ikapanda. Tangu darasa la kwanza sijawahi kumwona Kobe amekasirika. "Jana ulipiga kelele mpaka watu wa dirishani wakasikia," alisema. "Ukamtaja baba yangu. Leo asubuhi mtoto wa darasa la tatu ameniuliza kama ni kweli sijui juu na chini. Halafu wewe unakwenda kunong'ona ofisini. Mimi nitasimama vipi kando ya treni, kila mtu anaamini ni mimi niliyeiharibu? Sema palepale ulipopiga kelele. Kwa sauti ileile."

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Ulimi ulishakaa tayari. Lakini kila alichosema kilikuwa sawa.

Kipindi cha sayansi kilipoanza, niliomba ruhusa nikasimama mbele. Kwanza nilikwenda kufungua dirisha, maana watoto wa darasa la jirani walikuwa nje. Nikainua ile sumaku.

"Hii ina rangi pande mbili," nilisema. "Niliipaka mimi. Jumatatu niliilaza vibaya, nikakosea sumaku zote sitini. Kobe aliona, akaniambia, nikamkaripia. Jana nikasema hakuniambia. Nilisema uongo. Na baba yake amemfundisha vizuri kuliko nilivyojifunza mimi."

Mtu mmoja alicheka nyuma. Nilimwacha acheke. Mwalimu naye akasimama, akamwambia Kobe mbele ya wote kwamba alikuwa amemwonea. Kobe akaingiza mkono mkobani akatoa patasi ya baba yake, iliyofungwa vizuri kwa kitambaa. Alikuwa amekuja nayo tangu asubuhi.

Mchana kutwa tulibandua sumaku. Kobe alizing'oa moja moja kwa patasi, mimi nikazigeuza, nikapaka gundi, nikazishika kwa kidole mpaka zikauke. Sitini. Kidole changu kilipata ganzi. Hatukuzungumza sana, na bado alikuwa na kinyongo, nilikiona. Ilipofika sumaku ya arobaini hivi akasema, "Polepole, hiyo haijakauka," nami nikasema, "Ndiyo, fundi," akanitazama kuona kama namdhihaki. Sikuwa namdhihaki.

Jumamosi behewa lilitoka mwanzo wa njia mpaka mwisho bila kugusa chochote. Watu walilirudisha na kulisukuma tena, watu wazima wakipigania zamu na watoto. Mama alikuja na aproni yake ya kazi. Mgeni mmoja, mhandisi mzee, aliinama akaikagua njia kwa muda mrefu.

"Nusu hii ni laini," alisema, "na nusu hii ina mikwaruzo mingi. Kulitokea nini?"

Kobe alinitazama tu, akasubiri. Na yeye anajua kusubiri.

"Nilikosea mimi kutia alama," nilisema, kwa sauti ya kufika hata kwa waliosimama nyuma. "Mwenzangu aliniambia mapema, sikumsikiliza, nikamsingizia. Ndiyo maana tumebandua."

Mhandisi aliinuka. "Treni zenyewe, zile kubwa, watu watapanda wakiwa na watoto wao," alisema. "Sumaku ikikosewa, hatutamwogopa fundi aliyekosea. Tutamwogopa yule anayeficha, na yule anayemfokea aliyeona. Nyinyi iacheni hiyo mikwaruzo, msiipake rangi."

Wakati wa kurudi, mama alibeba upande mmoja wa njia na Kobe upande wa pili, mimi nikabeba behewa. Tulipofika kibandani mama alisimama, akamgeukia Kobe kwanza, akamwomba radhi kwamba jina lake yeye mama lilitumika kumnyamazisha. Kisha akanigeukia mimi.

"Hasira sikukatazi, mwanangu. Baba yako kulala kwenye lori, hilo likasirikie mpaka ujenge hiyo treni. Lakini kosa likitokea, anza na mikono yako mwenyewe kabla hujanyoosha kidole. Na ukimchafua mtu hadharani, msafishe hadharani."

Alifuta meza kwa kiganja, akasukuma makopo ya skrubu, pembe yangu ikawa pana mara mbili. Akamvutia Kobe kigoda.

Kobe aliketi, akafikiri. "Kiongozi iko wapi?" aliuliza.

Nikaitoa mfukoni nikampa. Aliisogeza chini ya behewa kujua upande wa kweli, kisha akaikwangua rangi ya upande wa pili kwa patasi, taratibu, mpaka ikaisha yote, akaniwekea mezani rangi ikiwa juu.