Hakuna Tahadhari

Asubuhi, mkahawa wa mtaa wa Jayanagar, pale Bengaluru, ambamo watu hula wamesimama, hauna adabu. Ukiona pembe ya meza unaweka sahani, na uliyemkuta avumilie. Ndivyo Srivatsa alivyotua dosa yake, chapati nyembamba ya mchele, ubavuni mwa kahawa ya Remya, simu imebanwa begani, anafoka:

"Huyo mwandishi mpya wa maelezo ananimaliza! Maswali, maswali! Chombo nimekiunda mimi, yeye si aandike tu?"

Remya, kanzu fupi ya kurta ya rangi ya ndimu, asumini nyweleni, alimeza kahawa yake taratibu.

"Mwambie rafiki yako," akasema, "mwandishi mwenyewe anaomba usogeze mchuzi, unamchafulia nguo."

Simu ikaponyoka, ikatumbukia kwenye bakuli la dengu.

"Wewe... ndiye Remya?"

"Ndiye. Na maswali yangu bado hujajibu."

Mapenzi yakaanzia hapo, msiniulize kwa nini. Labda ni vile vishimo vya mashavuni mwa Srivatsa. Labda ni shati lake, ambalo kila siku lazima kifungo kimoja kikosewe, na Remya akijikuta anakifunga upya. Mvua zilipokolea, tayari alikuwa "Vatsa wangu".

Kazi nayo haikungoja. Chombo chenyewe kilikuwa hivi: mteja akimuuliza wakala wa akili mnemba, ile programu inayojifanyia kazi yenyewe, "Leo kuna hatari?", wakala hukiita chombo cha Srivatsa kimletee tahadhari za usalama. Nani kajaribu kuingia kwa nywila ya wizi, mashine ipi ina virusi. Wakala atajuaje kukitumia? Husoma maelezo ya Remya, akayaamini kama yalivyo. Kwa hiyo Remya aliandika: "Orodha ikirudi tupu, huenda chombo kilinyimwa ruhusa ya kuangalia. Usimwambie mteja kwamba kuko salama."

Huku nyumbani moto ulikuwa mwingine. Baba yake Remya, kule Thrissur, jimbo la Kerala, alikuwa na daktari wa meno mkononi, kijana wa watu, anataka kumwoa Remya.

"Namzungusha tu, mwanangu," baba alisema kwenye simu. "Huyo wako mama yake kasemaje?"

Remya akampigia Srivatsa. "Vatsa, umeongea na mama?"

"Ondoa wasiwasi, mpenzi. Hajasema neno baya hata moja."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Kila akiuliza, jibu lilelile, na kila mara Remya alilala na furaha yake. Mtu mzima na akili zake!

Basi wezi wakaingia kwenye kompyuta za mteja mmoja, wakakaa humo kama kwao. Wakala akiulizwa, anajibu: "Hakuna tahadhari. Hali ni shwari." Remya akafungua maelezo yake. Ile sentensi ya orodha tupu haipo. Aliyeifuta: Srivatsa.

Alimkuta palepale mkahawani, mdomo umejaa idli, vitumbua vya mchele vya mvuke.

"Umeifuta!"

"Ilikuwa inakiaibisha chombo, mpenzi. Wateja wangeogopa..."

"Chombo hakikuangalia, Vatsa! Kimenyimwa ruhusa, hakikuona kitu, halafu watu wanaambiwa shwari! Hivi wewe una..."

Akajikatiza. Akamtazama usoni, kisha akaongea polepole.

"Mama yako hajasema neno baya. Ulimuuliza?"

Srivatsa akameza idli nzima nzima. "Nilikuwa nangoja wakati mzuri."

"Mungu wangu! Baba yangu anamzungusha mtoto wa watu kwa ajili ya jibu ambalo hujaliomba? Nimechoka, Vatsa. Leo nampigia baba, namkubali huyo daktari."

Akakamata mkoba. Srivatsa, mikono ina mchuzi, akatoa simu, akaweka sauti ya juu mbele ya kadamnasi.

"Mama? Nataka kumwoa Remya. Kwao Kerala. Anakula samaki."

Sauti ya mama yake, kule Mysuru, ikapasuka: "Samaki? Jikoni kwangu, ambako hata yai haliingii? Hapana, Srivatsa! Sitaki, sitaki, sitaki!"

Mkahawa mzima ukaacha kutafuna. Srivatsa alikuwa amegeuka rangi, lakini hakuzima simu.

"Nimesikia, Mama. Namwoa huyuhuyu. Jumapili tunakuja wote wawili, utufokee tukiwa mbele yako."

"Njooni! Nitawafokea mpaka mkome!" Akakata.

Srivatsa alibaki amesimama, simu imelowa mchuzi. Remya aliurudisha mkoba mezani. Akanyoosha mkono, akakifungua kifungo kilichokosewa, akakifunga mahali pake.

"Amekataa, Remya," akasema Srivatsa.

"Nimesikia. Angalau leo umeangalia." "Sasa nawa mikono urudishe sentensi yangu. Mimi nampigia baba, amwachie yule daktari aende zake."