Mwizi Aliyeacha Chaja

Ulipita. Usikatae. Ulipita mlangoni pa zahanati ile ya Uriri, ukaona akina mama kwenye benchi na watoto wanaotoka usaha masikioni, ukaziba pua, ukaenda zako. Basi leo utasikiliza.

Jumatatu asubuhi, sanduku la kamera ya sikio lilikutwa tupu. Ni chombo chembamba kama tochi ya kalamu. Ncha yake ikiingizwa sikioni, kiwambo cha sikio huonekana kwenye skrini, kikubwa kama sahani, kiwe kizima au kimetoboka. Na picha hubaki mle ndani. Watu walikililia chombo hicho miaka mitano. Kilikaa miezi mitatu.

Inspekta Robi Gisiri alichutama mbele ya kabati. Kufuli zima. Dirisha zima. Chaja imelala pale pale, waya umekunjwa vizuri.

"Funguo ni ngapi?"

"Mbili, Afande," akajibu Joash Mokua, tabibu mkuu, ambaye Uriri nzima humwita Daktari. "Yangu na ya Sista Lynnet. Muulize yeye."

Lynnet, muuguzi, alisimama ukutani, macho mekundu.

"Jumamosi, zahanati ikiwa imefungwa, ulikuwa wapi?"

"Kanisani, Madam. Sabato nzima niko kwaya."

"Hata wezi huimba," Joash akacheka.

Robi hakucheka. Aliitazama chaja. Mwizi wa kuuza huibeba. Mwizi wa kutumia huibeba. Huyu alitaka nini?

Mwanamke akaingia bila kubisha hodi. Phelesia, ametoka Homa Bay alfajiri. Bintiye Emmah, miaka sita, amelazwa huko, nyuma ya sikio pamevimba kama yai.

"Daktari wa huko anataka ile picha ya sikio mliyompiga hapa Februari," akasema. "Ajue ugonjwa ulianza lini, umekula mpaka wapi. Na sikio la pili limeanza. Afande, mtoto wangu sasa ananitazama mdomo ndipo ajue nasema nini."

"Hapa Februari mliambiwa nini?"

Phelesia akatoa kadi. Mwandiko wa Joash: *Nta. Arudi nyumbani.*

"Na wewe, Sista, uliona nini?"

Lynnet akasita, kisha akachomoa daftari la shule mkobani. Stima ya Uriri hupotea bila kuaga, taa na skrini zikazimika, naye hakuiamini. Kila sikio alilolimulika alilichora papo hapo kwa biro, akaweka jina na tarehe. Emmah: kiwambo kimevimba, chekundu, usaha nyuma yake. Pembeni: *Nimemwonyesha Daktari.*

Robi akaagiza faili. Akalinganisha, ukurasa kwa ukurasa. Watoto tisa wengine. Kwenye daftari, usaha na matundu. Kwenye faili, nta, nta, nta.

"Daktari, nta ya huku ni nyekundu?"

"Huo ni mchoro wa muuguzi tu!"

"Ndiyo. Uliiba picha, hukujua kuna mchoro. Hukutaka kuiuza kamera, Mokua. Ulitaka kuinyamazisha. Iko wapi?"

Joash akakaa. Kola ilikuwa imelowa jasho.

"Shimo la kuchomea sindano. Nimeifunga kwa nailoni. Nilishindwa kuiwashia moto." Akajipangusa uso. "Tuko wawili, Madam, wagonjwa mia kwa siku. Miaka kumi na minane nachungulia masikio kwa tochi ya simu, nasema nta, hakuna anayebisha. Halafu kitu hiki kinakuja kuonyesha kila mtu kwamba nilikuwa nabahatisha. Ningemwomba nani msamaha? Wako wangapi?"

"Ungeanza na Emmah," Phelesia akasema.

Pingu zikafungwa. Kamera ikatolewa shimoni. Kwa desturi, kielelezo hufungiwa stoo ya polisi mpaka kesi iishe. Robi aliijua stoo ile. Kuna baiskeli zimeota kutu zikingoja hukumu. Akaipiga kamera picha, akaandika namba yake, akatia sahihi kwa jina lake mwenyewe, akamkabidhi Lynnet.

"Akiuliza bosi wako?" Lynnet akanong'ona.

"Aje na sikio lake tulimulike. Chomeka hiyo chaja."

Skrini ikawaka. Emmah, Februari: nyekundu vile vile ilivyoandikwa kwa biro. Dakika hiyo hiyo picha ikatumwa Homa Bay, na Lynnet akaita mtoto wa kwanza kwenye benchi.

Na wewe uliyepita? Kesho asubuhi mpeleke mwanao, au wa jirani. Akiandikiwa nta kabla hajaangaliwa, usiondoke. Simama mlangoni, uzibe njia, useme kwa sauti: fungua kabati, washa hicho chombo, nione mwenyewe.