Sahihi ya Recheli na Michoro ya Kigwa

Jumatatu hiyo Recheli alikunywa chai akiwa amesimama. Mumewe Xavery, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameketi mezani na sahani ya matobolwa, viazi vikavu ambavyo mama mkwe wake humletea kutoka Urambo.

"Keti, mama Advera," alisema. "Chai haikimbii."

"Siku zinakimbia, baba Advera. Zimebaki kumi na nane."

Xavery alijua ni siku gani hizo. Mkewe alikuwa mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja mjini Tabora. Kwa miaka mitatu alikuwa amechunguza mizinga ya nyuki ya Kigwa. Shida ya wafugaji wa huko ilikuwa nyegere. Mnyama huyo hupanda mti, hupasua mzinga, hula asali na majana, yaani watoto wa nyuki, na nyuki waliosalia huhama. Recheli alipima njia nyingi za kumzuia. Njia iliyoshinda ilikuwa hii: zungushia shina la mti bati, kisha ning'iniza mzinga kwa waya mrefu, mbali na shina. Kati ya mizinga mia moja iliyotundikwa hivyo, mitatu tu ilivunjwa.

Matokeo hayo yalikwisha kutoka kwa Kiingereza katika jarida moja la ng'ambo. Lakini watu wa Kigwa hawasomi jarida la ng'ambo. Recheli aliwaahidi kijitabu cha Kiswahili siku ya mkutano wa kikundi chao. Katika mkutano huo hupanga jinsi ya kutundika mizinga mipya. Bila kijitabu, wangetundika kama zamani, na nyegere angekula msimu mzima.

Kijitabu kilikuwa tayari. Recheli alikuwa ametafsiri makala yake neno kwa neno na kuweka michoro yake yote. Kwa heshima tu, alikuwa amewaandikia wenye jarida kuwaarifu. Sasa simu yake ikalia. Jibu lilikuwa limefika.

Alisoma mara moja. Akasoma tena. Akaketi.

"Wanasema haki zote za makala ni zao," alisema polepole. "Nisitafsiri. Nisichapishe. Nisigawe."

"Zao vipi? Walikwenda Kigwa lini hao? Waliumwa na nyuki gani?"

"Nilitia sahihi fomu. Nilikuwa stesheni, nasubiri treni. Nilifungua simu, nikasogeza karatasi hadi chini, nikatia sahihi."

Xavery alitaka kucheka, lakini alimtazama mkewe usoni akaacha. "Basi nenda kwa anayejua," alisema. "Mimi nitakuombea kwa Mungu, lakini sheria siijui."

Aliyejua alikuwa Adelina, mkuu wa maktaba ya chuo. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani ya kamba na ulimi mwepesi. Alimsikiliza Recheli hadi mwisho.

"Uliisoma fomu?" aliuliza.

"Nilitia sahihi, dada Adelina."

"Sikuuliza ulitia nini. Nimeuliza kama uliisoma."

Recheli alitikisa kichwa. Adelina akavuta kiti karibu.

"Sikiliza, mdogo wangu. Ukiandika kitu kwa akili yako mwenyewe, hakimiliki inazaliwa hapo hapo. Huendi ofisini kuiomba. Na hakimiliki si haki moja. Ni fungu la haki: kunakili, kutafsiri, kusambaza, kubadili. Sera ya chuo chetu inasema fungu la makala ni la mwandishi. Wewe ulilichukua lote ukawakabidhi wenye jarida. Hawakukuibia. Uliwapa."

"Kwa hiyo nimekwisha."

"Nani kasema? Ungewapa ruhusa ya kuchapisha tu, ukabaki na haki zako. Wengi wanakubali ukiomba. Hilo ni la makala ijayo. Tuione fomu ya hii."

Waliisoma pamoja, kifungu kwa kifungu, kidole cha Adelina kikitangulia. Kifungu cha sita kilikuwa na habari njema. Mwandishi aliruhusiwa kuweka katika hazina ya kidijiti ya chuo nakala yake ya mwisho, ile aliyoiandika kabla jarida halijaipanga kurasa. Sharti lilikuwa miezi kumi na miwili ipite.

"Imepita kumi na minne," Recheli alisema.

"Basi leo hii tunaiweka. Wanafunzi wataisoma bure. Lakini Kigwa wanataka Kiswahili. Niambie, nyegere hashindwi na bati mpaka wenye jarida waruhusu?"

Recheli alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Hapana."

"Haswa. Hakimiliki hailindi ukweli wala wazo. Inalinda namna ulivyolieleza. Ulichogundua ni cha kila mtu. Usitafsiri makala. Ifunge. Fungua daftari lako la porini, uandike upya, kwa maneno mapya, kama unavyomweleza mtu wa Kigwa. Maandishi hayo yatakuwa yako."

"Na michoro? Bila michoro hawataelewa waya unafungwaje."

"Nani aliichora?"

"Mzee Masolwa. Mfugaji mwenyewe."

"Alikupa haki zake kwa maandishi?"

"Alinipa michoro tu. Nilimshukuru kwa sukari kilo mbili."

Adelina alivua miwani. "Sukari ni shukrani, si mkataba. Basi michoro ni yake mpaka leo. Hukuwa na haki ya kuwapa wenye jarida. Umetoa ng'ombe wa jirani kwa mahari yako."

Aliomba kuona karatasi za Masolwa. Akaziweka kando ya jarida. Kwenye kila karatasi, pembeni chini, palikuwa na mistari mitatu iliyokatwa na mmoja. Kwenye jarida haikuwapo.

"Hii iko wapi huku?"

"Niliikata ili picha ienee. Nilidhani alikuwa anajaribu kalamu."

Adelina alikuwa mzaliwa wa Kigwa. Alichukua karatasi na kuchora mzinga, na juu ya mzinga akachora mistari ile ile. Ndipo Recheli alipokumbuka mizinga ya magogo aliyokuwa akiipima porini. Kila ukoo ulichonga alama yake ya umiliki. Kwa miaka mitatu alikuwa ameziona, na kila mara aliandika daftarini: *mikwaruzo*.

Kesho yake alipanda basi kwenda Kigwa. Mzee Masolwa alikuwa uani akitoboa gogo la mzinga kwa patasi. Mkewe Eustadia alikuwa akichambua karanga.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu," Masolwa alijibu kwa utani. "Karibu. Wewe mtu wa Urambo, umekuja kutukatia miti ukaushie tumbaku?"

"Leo sina shoka, baba. Nimekuja na kosa langu."

Alilieleza lote, bila kujipamba. Alieleza fomu ya stesheni. Alieleza michoro iliyotoka bila jina, hivi kwamba msomaji angedhani ni yake. Mwisho alifungua jarida na kuonyesha pembe iliyokatwa.

Patasi ilisimama. Masolwa aliutazama ule ukurasa kwa muda mrefu.

"Mzinga wangu uko porini siku nzima bila mlinzi," alisema. "Mtu akiona alama, anapita. Hata mwenye njaa anapita. Wewe una shahada mbili, ukaikata alama."

"Nimekosa, baba."

"Umekosa." Alirudia neno hilo taratibu, bila hasira. "Lakini umekuja mwenyewe, hukutumwa. Sema unachotaka."

Recheli alisema. Alitaka michoro ile iingie katika kijitabu, kwa jina la mwenyewe, na chini ya leseni huria.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni ruhusa unayoandika mara moja kwa watu wote. Michoro inabaki yako. Lakini mtu yeyote anaweza kuinakili, kuitafsiria maelezo, hata kuibadili, bila kukufuata hapa. Sharti moja: akutaje jina, na aseme kama amebadili kitu."

"Kumbe ni kutupa mali njiani!"

"Ukitupa, huna tena alama. Hapa alama inakwenda na kitu popote."

Masolwa alikuna kidevu. "Na mtu akiuza?"

"Unaweza kuandika: isitumike kwa biashara. Ni haki yako. Lakini fikiri, baba. Mwenye kibanda cha kudurufu pale Nzega naye atashindwa kuwadurufia wafugaji, maana hudurufu kwa kuuza. Na neno moja zito: ukishatoa leseni hii, aliyekwisha kuipokea huwezi kumnyang'anya. Usinipe jibu kwa haraka. Mimi haraka imeniponza."

Mzee alitoboa gogo kidogo. Kisha akasema, "Auze anayeuza. Nyegere hafukuzwi na mchoro uliofungiwa sandukuni. Ila jina lisomeke: Masolwa wa Kigwa."

"Peke yako?" Eustadia alidakia, karanga mkononi. "Na rangi alipaka nani? Bati lilikuwa jeusi kama sufuria, nani alilitia rangi ya fedha? Nyegere wako alikuwa kama paka mwenye mimba, nani alimrekebisha?"

Masolwa alicheka mpaka akashika gogo. "Mwalimu, andika wawili. La sivyo leo nitakula karanga mbichi."

"Ni haki ya mama," Recheli alisema. "Waliounda kazi pamoja humiliki pamoja. Bila idhini ya mama, yako haitoshi."

"Umesikia, mzee?" Eustadia alisema. "Sheria imekuja Kigwa."

Waliisoma ruhusa kwa sauti, mara mbili. Wote wawili wakatia sahihi. Masolwa akaongeza mistari yake mitatu.

Siku kumi na tano zilizofuata Recheli alifanya kazi kwa utaratibu. Kwanza aliwaandikia wenye jarida kwamba michoro haikuwa yake kuitoa. Walijibu kwa adabu: wangechapisha sahihisho lenye majina ya wachoraji na kueleza kwamba michoro haimo katika haki zao. Kisha alifungua daftari la porini na kuandika upya. Kila jioni alimsomea Xavery, na kila neno ambalo Xavery hakulielewa alilifuta. Katika ukurasa wa pili aliandika: *Maandishi ni ya Recheli. Michoro ni ya Masolwa na Eustadia wa Kigwa. Kijitabu hiki kina leseni huria ya Creative Commons, ya kutaja jina. Nakili, tafsiri, boresha, gawa. Taja majina yetu, na sema ulichobadili.*

Siku ya mkutano aliingia Kigwa na vijitabu mia mbili, wino ukinukia bado. Watu walivipokea kwa vigelegele. Masolwa alisimama mbele, akafungua ukurasa wa tisa, akafundisha fundo la waya kwa mchoro wake mwenyewe. Hapakuwa na mtu wa kumzuia Recheli kugawa hata kimoja. Msimu ule Kigwa ilirina asali mpaka ndoo zikaazimwa vijiji vya jirani, na nyegere akarudi porini na njaa yake.

Recheli naye aliandika makala ya pili. Safari hii alichagua jarida la wazi, linalosomwa bure na kila mtu, akaisoma fomu yote akiwa ameketi, akabaki na hakimiliki yake. Adelina alimpa saa moja kila muhula awafundishe watafiti wapya. Kila mara huanza na habari za stesheni.

Mwaka uliofuata bahasha ilifika chuoni kutoka Ziba. Ndani yake mlikuwa na kijitabu kile kile, lakini kwa Kisukuma. Aliyekitafsiri ni mfugaji mmoja aitwaye Ngassa, ambaye Recheli hakuwahi kumwona. Hakuwa ameomba ruhusa, kwa sababu alikwisha kupewa. Majina yote matatu yalikuwapo. Mwishoni palikuwa na ukurasa mpya, na chini yake Ngassa alikuwa ameeleza: *Ziba miti mikubwa ni haba. Nimeongeza mchoro wa nguzo mbili zilizozungushiwa bati, na mzinga katikati yake. Nao ni huria. Chukueni.*

Recheli alikipeleka Kigwa siku hiyo hiyo. Masolwa aliutazama mchoro wa nguzo mbili, akaugeuza, akaupima kwa vidole. Upande wa mashariki wa shamba lake hapakuwa na mti hata mmoja, na kwa miaka yote hakuwahi kutundika mzinga kule.

"Huyu wa Ziba kanizidi," alisema akiinuka. "Mama, lile bati la zamani liko wapi?"